Doctor Who ya kusikiliza: nimemaliza Neverland, Zagreus niisikilize au niruke?

kibamba_usiku

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaofuatilia michezo ya kusikiliza ya Doctor Who, ile ya kampuni ya Big Finish, upande wa Daktari wa nane, Paul McGann. Nilianza na Storm Warning ya Januari 2001 nikaja nayo kwa mpangilio bila kuruka hata kimoja, sasa nimemaliza Neverland na hapo ndo nimekwama, sio kwa ubaya, imekatika pale pale utamu ulipokolea na kinachofuata ni Zagreus ambayo kila nikiuliza naambiwa jiandae.

Kwa wasioifahamu kidogo tu. Doctor Who ni tamthilia ya Uingereza ya Daktari, Bwana wa Wakati, yaani msafiri wa wakati anayebadilika mwili na kuchezwa na mwigizaji mwingine. McGann aliigiza Daktari kwenye filamu moja ya tivii mwaka 1996, tamthilia yenyewe haikurudi wakati ule, ikawa ndo imetoka hiyo. Big Finish wakamchukua wakampa maisha mapya kwa sauti tupu. Mimi huyu wa sauti namuweka juu ya wote waliokuja kwenye skrini, na nasema hivyo nikiwa nimewaona wengi wao.

Maoni yangu mpaka hapa. Storm Warning ni mwanzo mzuri sana: meli ya anga R101 ya Waingereza, ambayo kweli ilianguka Ufaransa Oktoba 1930 wakafa watu 48, humo ndani Daktari anamkuta binti anaitwa Charley Pollard kadandia kwa siri, anamwokoa, kumbe historia ilikuwa inamtaka afe. Tangu hapo kila kisa unakisikiliza ukijua kuna deni linadaiwa. Minuet in Hell ndo iliyonichosha, zile lafudhi za Kimarekani za kulazimisha nilishindwa kabisa, yaani hata uwepo wa Brigadia, rafiki wa zamani wa Daktari, haukuiokoa. Embrace the Darkness haina kelele nyingi ila imenishika kuliko nilivyotegemea, watu wamepoteza macho kwenye sayari ya giza na wewe msikilizaji uko gizani pamoja nao. Chimes of Midnight ya Robert Shearman ni kilele, naomba asitokee mtu wa kunibishia.

Sasa swali. Zagreus ni sidii tatu nzima, halafu baada yake nasikia Daktari anahamia ulimwengu mwingine na mambo yanapwaya mpaka 2004 inaisha. Nikomae nayo au niende moja kwa moja kwa Lucie Miller, mwenzake Daktari wa baadae? Muda wangu wa kusikiliza ni kwenye daladala asubuhi na jioni tu kwahiyo kisa kibovu kinanilia wiki.


mzee_wa_mawimbi

Mkuu usiruke. Nakwambia hivyo nikijua vizuri kabisa Zagreus ina kasoro gani.

Kwanza uelewe wale waliokuwa wanafuatilia wakati ule walitoka Neverland Juni 2002 wakasubiri mpaka Novemba 2003. Wewe unasubiri mpaka daladala ya kesho. Mwaka na miezi mitano mtu anakaa na ule mwisho, Daktari kaimeza ile sumu ya kinyume-wakati ili aokoe sayari yake, halafu sauti yake inabadilika anasema yeye ni nani. Matarajio yalikuwa yamepanda mpaka juu ya paa, na kisa kikatoka kikiwa namba 50 ya mfululizo na pia sherehe ya miaka 40 ya Doctor Who kwa pamoja, basi waandishi wakataka kuweka kila kitu ndani. Wakawaita waliokuwa Madaktari wa zamani, Davison, Colin Baker na McCoy, lakini wakawapa kuigiza watu wengine kabisa, kuna mchungaji, kuna nini sijui, na ndani yake kuna maonyesho ndani ya maonyesho. Saa nzima inapita Daktari mwenyewe humsikii zaidi ya kupiga kelele na nafsi yake. Hapo ndo tatizo lilipo kwangu mimi, mchezo wenye jina la mtu halafu mtu mwenyewe wamemfungia stoo.

Ila India Fisher! Yule Charley anaibeba Zagreus mgongoni. Kila wanapompeleka anabaki binti yule yule wa 1930 anayeuliza maswali ya maana, na mwisho Daktari anapomfukuza ili kumlinda ukiwa umeruka hutaelewa kwanini Scherzo, kisa kinachofuata, inauma vile. Na Scherzo huwezi kuikosa, hiyo sijadili.

Kingine, mimi nimekulia kwenye michezo ya redio enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, Pwagu na Pwaguzi nilikuwa siachi, na kipimo changu ni kimoja. Mchezo wa redio mbovu utaujua pale watu wanapoanza kuambiana wanachokiona. "Tazama lile lango kubwa jeusi lenye miiba." Nani anaongea hivyo jamani? Mtu akiona lango la miiba anasema usiguse hapo, basi, lango nishaliona. Ukishika kipimo hicho mfululizo wote wa McGann utauchambua mwenyewe bila kuuliza mtu.


nyali_msikizaji

Mzee nakuheshimu sana lakini hapo kwa Zagreus mimi ningemwambia aruke tu bana. Asome muhtasari dakika tano aingie Scherzo moja kwa moja. Mimi niliisikiza yote, mara mbili, ya pili nikidhani labda nilikuwa nimechoka, na bado nilitoka nikiwa sijui nani alikuwa nani. Kwa kitabu unaweza rudi kurasa mbili nyuma. Kwa sauti huyo msikizaji ako kwa matatu ama anaosha vyombo, ukimpotezea njia ndio basi, na hapo wamempotezea kama mara nne hivi.

Lakini chenye sikubali ni vile watu husema hiyo sehemu yote ya ulimwengu mwingine ni takataka. Si kweli. Shida kubwa ni The Creed of the Kromon ya Januari 2004, hiyo ndiyo imewaharibia jina wenzake. Wadudu wakubwa wenye kampuni, Charley anageuzwa awe malkia wao, na kila dakika mtu anaeleza kile kinaendelea, hapo kipimo cha mzee kinafanya kazi kabisa. Halafu ndio wanamleta C'rizz, mwenzao mpya, kwa kisa kibaya zaidi katika hiyo miaka yote. Conrad Westmaas ni mwigizaji mzuri na alianzishwa vibaya, mpaka leo watu hawampendi C'rizz na si makosa yake.

Sasa baada ya hapo enda Natural History of Fear. Usisome kitu chochote juu yake. Nakwambia tu kuna mji unaitwa Light City ambako kuuliza swali ni makosa ya kushtakiwa, na hizo sauti tatu unazozijua utazisikia lakini kuna kitu hakikai sawa tangu dakika ya kwanza. Hiyo ingekuwa filamu isingefanya kazi, haiwezekani kabisa, na ukifika mwisho utajua kwa nini nasema hivyo.


bint_mkunazini

Assalam aleikum wadau. Niko Leicester, nazifuatilia hizi tangu zinauzwa kwa sidii kwa posta, naomba niongezee kuhusu Scherzo kwa sababu mmeitaja mara tatu na hakuna aliyemweleza kaka yetu ni kitu gani.

Ni ya Shearman pia, Desemba 2003, na waigizaji ni wawili peke yao. McGann na India Fisher, basi. TARDIS, chombo cha Daktari cha kusafiria, imepotea, wamo ndani ya weupe mkali ambao unapofusha sawa na giza, chini kuna kioo, hawaoni, baadae hata kugusa na kuonja kunaanza kuwatoka, kinachobaki ni sauti ya mwenzako na kitu kingine ambacho na chenyewe ni sauti na kinajifunza. Mnaona alichofanya huyu mwandishi? Lile tatizo la mzee la watu kuambiana wanachoona kalikata kwenye shina, kawanyima macho wahusika ili wawe sawa na sisi. Halafu juu ya hilo kaweka ugomvi. Charley alishamwambia Daktari anampenda, tena kwenye Neverland alimwomba amuue ili dunia ipone, Daktari akakataa akajitoa mhanga yeye, akahamia ulimwengu usio na wakati ili asimdhuru mtu, na huyu binti kamfuata kinyemela ndani ya chombo. Kamharibia sadaka yake! Daktari ana hasira ambayo hujawahi kuisikia kwake, hasira ya baridi ya mtu anayependa na hataki kusema. Wallahi McGann hajawahi kuwa mzuri kama pale, na nimemsikiliza mpaka Stranded.

Kuhusu kwanini baadae palipwaya, sababu ipo na sio siri. Septemba 2003 BBC walitangaza kuwa Doctor Who inarudi kwenye tivii, ikarudi kweli 2005. Big Finish walikuwa wamepanga kukaa kwenye ule ulimwengu muda mrefu zaidi, wakaona haifai tivii imerudi na Daktari wao bado kafungiwa mahali hakuna wakati, ikabidi wafunge haraka, The Next Life Desemba 2004 ikamaliza kila kitu kwa mkupuo. Ukiisikiliza unaisikia ile haraka. Nafasi ambayo kwa haki ilikuwa ya visa vinne vitano imebanwa kwenye kimoja kirefu.

Lakini kwa hukumu yangu mimi haraka sio kosa lao kubwa. Kosa kubwa ni kutuahidi ulimwengu usio na wakati halafu wakatupa vijiji, wafalme na makampuni yale yale. Watu wanasema "kesho" na "zamani" kama kawaida. Scherzo peke yake ndo ilijaribu kuuliza mtu anaishije pasipo wakati, ilipoisha tu swali nalo likaachwa, na hilo bado linaniudhi kwa sababu ilikuwa fikra nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nazo.


kibamba_usiku

Dada asante sana, hapo nimeelewa kuliko maelezo yote niliyosoma. Basi Zagreus naisikiliza, nitaigawa vipande. Sasa mzee kasema kipimo chake ni lugha ya sauti, na Chimes naiona inaingia hapo hapo maana ile saa ya ukutani ikianza kugonga unajua mtumishi mwingine anaenda kufa, huhitaji kuonyeshwa. Je Lucie Miller nae anapita kwa kipimo hicho? Naona watu wanamlilia tu sijui kwanini. Spoila za mwisho naomba msiweke tafadhali.


nyali_msikizaji

Kwa Lucie hicho kipimo kitakuangusha, na ndio maana mimi sikubali kipimo kimoja.

Visa vya Lucie ni vya dakika hamsini hivi, vilitengenezwa viende hewani BBC 7, cha kwanza Blood of the Daleks kilianza tarehe 31 Desemba 2006. Kila kitu ni mbio, mzaha mwingi, kuna kingine kiko 1974 kwa mkahawa wa barabarani na wanamuziki wa glam rock na wanyama wa ajabu nje. Hakuna majaribio makubwa ya sauti. Hakuna weupe wala kioo. Kuna watu wawili wanagombana, Sheridan Smith (ndiye Lucie) na McGann, na kufikia nusu ya sizoni ya kwanza unawapenda wote wawili kama jamaa zako. Hapo tu. Sauti nzuri inasaidia, lakini huyo mtu akiwa hakujali anayeongea hata umpangie milio namna gani ni bure. Mimi naweka sizoni nne za Lucie juu ya Chimes na nitasema hivyo hata mkinifukuza.


mzee_wa_mawimbi

Hatukufukuzi kijana, ila juu ya Chimes hapana. Lucie nampenda. Tena nakubali yule binti aliamsha McGann, maana mwishoni mwa Charley na C'rizz alishaanza kusoma mistari kama mtu anayesubiri basi, nilikuwa nasikia kabisa. Alipoletewa mtu wa kumjibu jeuri akachangamka upya. Lakini dakika hamsini ni chache. Visa vingi vya sizoni ya pili na ya tatu tatizo linajengwa vizuri halafu dakika tano za mwisho Daktari anabonyeza kitu linaisha. Chimes ina sehemu nne na kila sehemu inaingia chini zaidi kuliko ya kwanza, unaanza ukidhani ni kisa cha mauaji kwenye jumba la mwaka 1906 mkesha wa Krismasi, jikoni kwa watumishi, unamaliza ukiwa unamlilia mfanyakazi wa jikoni ambaye hakuna aliyewahi kumjali. Edith yule. Hicho kitu hakijengeki kwa dakika hamsini.

Ile miwili ya mwisho wa Lucie, Februari na Machi 2011, hiyo naikubali yote kwa mikono miwili. Wametumia kila walichoweka akiba tangu 2006. Sisemi zaidi maana ameomba.


bint_mkunazini

Mimi nilimsikia Lucie kwenye hiyo hiyo BBC 7, stesheni ya dijitali ambayo sasa ni Radio 4 Extra, kwahiyo niseme kitu ambacho ukiwa mbali unaweza usikijue. Lucie katokea Blackpool, na Sheridan Smith anaongea vile vile watu wa kaskazini wanavyoongea, wala hajailainisha. Kwa miaka mingi wenzake Daktari wengi walikuwa wanaongea Kiingereza cha watu wa juu, Charley mwenyewe ni binti wa familia tajiri. Lafudhi ya Lucie kwenye redio inafanya kazi ambayo kwenye tivii ingefanywa na nguo na nyumba. Akifungua mdomo tu unajua anatoka wapi, ana nini mfukoni na hatishwi na nani. Kwahiyo nyote wawili mnagombania kitu kimoja, mzee, lafudhi nayo ni lugha ya sauti.

Ila nina lalamiko ambalo hamjalisema. Ule mwisho wa 2011 ni mkali mno. Naukubali kisanaa, nililia, lakini kuna vifo pale viwili vitatu vya haraka haraka ambavyo vilihitaji nafasi ya kupumua, mtu mmoja aliyekuwa na sizoni nzima ya kutubu anapewa dakika moja. Kinachobaki kichwani ni kimoja tu, vingine vimekanyagwa.

Na baada ya hapo Dark Eyes ya Novemba 2012. Hii ilipata tuzo ya BBC ya michezo ya sauti mwaka 2014, na ilistahili. Daktari kavunjika moyo, anatafuta angalau sababu moja ya kuwa na matumaini, anaangukia kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, gesi ya sumu imetanda, anakutana na Molly O'Sullivan, muuguzi wa Ireland asiyetaka mchezo na mtu. Sehemu ya kwanza ile nairudia mara kwa mara. Dark Eyes 2 sasa wamevuruga mpangilio wa matukio, unakutana na matokeo kabla ya chanzo, kwa daladala sikushauri, isikilize siku umetulia nyumbani. Lakini ndo inamleta Liv Chenka, Nicola Walker, na huyo utamshukuru Mungu.


nyali_msikizaji

Liv ni noma. Na ukishafika Doom Coalition, 2015 hadi 2017, utakutana na The Eleven, Mark Bonnar. Huyo ni Bwana wa Wakati ambaye nafsi zake zote za zamani bado ziko ndani ya kichwa chake zinaongea kwa pamoja, kwa hivyo sentensi moja inaanza na muungwana, katikati inaingiliwa na muuaji, inamalizwa na mtu anaogopa. Mwigizaji mmoja! Hapo nampa mzee kipimo chake chote, hicho kitu kwa tivii ungeona tu mtu anakunja uso.

Ravenous iliyofuata mimi sikuipenda sana, hao majitu wa kula Mabwana wa Wakati wanatisha siku ya kwanza halafu wanazoeleka, ndio seti ya kuruka kama unataka kuruka kitu. Skiza ya mwisho pekee, Day of the Master ya 2019, ina raha yake.


kibamba_usiku

Nimeandika yote. La mwisho kabisa: kile kipande kifupi cha video cha 2013, The Night of the Doctor, ambacho McGann anarudi, nikitazame lini? Nimekikwepa mpaka sasa. Na Stranded dada umeitaja ukapita, ikoje?


bint_mkunazini

Stranded (2020 mpaka 2022) iache mwisho kabisa. TARDIS imeharibika, Daktari na Liv na mwenzao Helen wamekwama London ya mwaka 2020, nyumba ya kupangisha Baker Street, majirani, bili, mtu anatafuta kazi. Wengine waliichukia kwa sababu majitu hakuna. Mimi naiweka karibu na juu kabisa, kwa sababu ukishamjua huyu mtu miaka yote hiyo kumsikia anashindwa kukaa sehemu moja na kulipa kodi ni jambo kubwa kuliko vita vya anga. Lakini lazima uwe umemjua kwanza. Na nyingi za seti hiyo zilirekodiwa wakati wa korona kila mwigizaji yuko kwake, usingejua usingehisi.

Night of the Doctor itazame baada ya Dark Eyes ya kwanza, usiwahi na wala usisubiri mpaka mwisho. Kabla hajabadilika Daktari anawataja wenzake kwa majina, Charley, C'rizz, Lucie, Tamsin, Molly, na hao wote ni wa kwenye sauti, hakuna hata mmoja aliyewahi kuonekana kwenye tivii. Ukiitazama sasa hivi utamjua Charley tu, hao wengine wanne watakupita.